Programu Inayopiga

Mama Kengele alikuwa dobi wa hospitali, na kama hujawahi kuingia kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, usimwonee wivu mtu anayeshinda humo. Mashine za kukamulia zinanguruma zote kwa pamoja, mvuke unafuka kutoka kwenye pasi kubwa ya rola, na mashuka yanaletwa kwa mikokoteni yakiwa na kila kitu ambacho mwili wa binadamu unaweza kumwaga. Yeye alisimama upande mmoja wa rola, shoga yake upande wa pili, wakivuta, wakinyoosha, wakikunja. Humo ndani watu hawaongei, wanapayuka. Ndiyo maana hata nyumbani sauti yake ilikuwa ya kupayuka, na majirani walijua amerudi kazini kabla hajafika mlangoni.

Jina alilipata kwa binti yake wa pekee. Mtoto huyo, hata kutembea hajajua, alikuwa akigonga kijiko kwenye kikombe, anasikiliza, anagonga sahani, anasikiliza, anarudi kwenye kikombe kuhakikisha. Baba yake, ambaye hakukaa sana katika nyumba ile na hatakaa sana katika hadithi hii, alimwita Kengele, kisha akatokomea zake. Kuimba mtoto hakujua. Sauti yake ilikwaruza tangu utotoni, na kwenye kwaya ya mtaa Mwalimu alimweka mstari wa nyuma akamwomba, kwa adabu zote, aimbe kwa sauti ya chini. Lakini ni yeye aliyekuwa akimfuata Mwalimu baada ya mazoezi na kumwambia kwamba pale katikati sauti ya pili inagombana na ya tatu, afadhali ishushwe. Mwalimu akajaribu, ikakaa sawasawa. Basi akamfundisha kuandika nota kwa herufi, do, re, mi, kama kwaya nyingi zinavyoandika, na tangu siku hiyo karatasi haikumtoka Kengele mkononi.

Kisha ikamtoka kweli. Alipofikisha miaka kumi na saba kalamu ilianza kudondoka, halafu kikombe, halafu kijiko. Walizungushwa hospitali ileile ambayo mama alifua mashuka yake, wakapimwa hiki na kile, mpaka daktari mmoja mwembamba akawakalisha akasema bila kupindisha maneno.

"Ni ugonjwa wa misuli. Umeanza mikononi. Utakwenda miguuni, halafu utapanda kooni. Dawa ya kuurudisha nyuma hatuna."

"Kooni ni lini?" aliuliza Kengele.

"Mwaka mmoja. Pengine pungufu."

Kengele hakulia. Mama yake alilia kwa niaba ya wote wawili, tena kwa ile sauti ya kwenye mashine, mpaka wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Njiani ndipo binti alipomwambia jambo lake. Ana wimbo kichwani, wa sauti nne, mrefu, hajauandika bado. Anataka utoke kabla koo halijafungwa. Mwalimu alikwisha kutoa ahadi: uletwe umeandikwa, sauti zote nne, kwaya itauimba. Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mkweli tu kuhusu kipaji chake. "Mimi nafundisha kilichoandikwa," alizoea kusema. "Sikio la kusikiliza na kunakili sikujaliwa."

"Niandikie wewe, mama," alisema Kengele. "Mimi nitakutajia herufi."

"Mimi?" Mama Kengele alishtuka kama aliyeambiwa aingie chumba cha upasuaji ashike kisu. "Nota mimi nazijulia wapi? Nitakuharibia wimbo wako bure. Ngoja nikamwone mjomba wako."

Alisema hivyo kwa kuuheshimu wimbo wa mwanawe, na heshima ile ilimponza.

Mjomba mtu alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu na kompyuta. Alikuwa na mdomo, na kwa maelezo yake hakukuwa na mashine duniani iliyowahi kumshinda, ingawa zilizomshinda zilijaa chini ya meza yake. Lakini alimpenda dada yake, na alipoelezwa habari hakupiga porojo hata kidogo. Aliokota laptopu kuukuu, akaunganisha vipande vya nyingine ndani yake, na baada ya wiki chache akaja nayo nyumbani ikiwa inakoroma kama mtu mwenye mafua.

"Shikamoo, mjomba," alisema Kengele kutoka kitandani.

"Marahaba, mtunzi wangu. Nimekuletea mambo. Kuna programu mbili za kuandikia nota, na zote za bure. Ila huyu mzee hawezi kubeba zote mbili. Ukimbebesha zote anaganda. Sharti mchague moja."

Akafungua ya kwanza. Ilikuwa na karatasi nyeupe pe, yenye mistari mitano mitano, na vitufe vya kila rangi. Nota unaikamata kwa kipanya, unaiburuta, unaiachia kwenye mstari wake. "Hii ndiyo wanayotumia wakubwa," alisema mjomba. "Na ukimaliza inakupigia. Sikilizeni." Akabonyeza. Spika zile ndogo zikatoa vinanda na kitu kama watu wengi wakiimba "aa" kwa pumzi moja. Mama Kengele akajikuta amekaa kitandani bila kujua amekaaje.

"Na nyingine?" aliuliza Kengele.

Nyingine ilikuwa dirisha la kijivu tu, na ndani yake safu nne tupu, kila sauti na safu yake. Unabonyeza herufi ya do, inakaa. Unabonyeza ya mi, inakaa. Ukiacha pigo pungufu inakataa kusonga mbele mpaka ulijaze. "Hii haipigi," alisema mjomba, kwa sauti ya mtu anayemsengenya ndugu asiye na kazi. "Inaandika tu. Ya kizamani."

Kengele alisogeza kidole chake cha shahada, kile kimoja kilichokuwa bado kinamtii, akabonyeza do. Akabonyeza mi. Akabonyeza so, kisha akatabasamu peke yake. Mama yake alikiona kidole kile. Aliliona na tabasamu lile, wala asije akasema hakuliona. Lakini masikio yake yalikuwa bado yamejaa ile "aa".

"Mwanangu, hii ya kwanza si ndiyo yenyewe? Inapiga! Mimi nota sizisomi, lakini masikio ninayo. Nitasikia yaliyo kichwani mwako."

Kengele alimtazama. Tangu siku ya daktari hakuwa amemwona mama yake akicheka mpaka magego.

"Sawa, mama," alisema. "Hiyohiyo."

Mjomba akaifuta ile ya kijivu.

Basi ikawa kila siku, kabla ya kwenda zamu, Mama Kengele anamwegemeza binti yake kwenye mito, anamwekea laptopu juu ya ubao na kipanya mkononi, na anafunga mlango. Akirudi, kabla hata hajavua viatu, anapayuka, "Umefika wapi?" Wiki za mwanzo jibu lilikuwa bado, mama, najaribu. Alipouliza tena na tena, tena kwa uso wa matumaini unaotia huruma, siku moja Kengele akajibu, "Sogea usikilize. Ni kidogo tu."

Akabonyeza. Ikaanza sauti moja ya juu, peke yake, ikashuka taratibu, ya pili ikaidaka, halafu zote nne zikafunguka kwa pamoja. Kwenye kioo nota zilipita zimejipanga vizuri, nyeusi, safi. Kisha Kengele akaizima. "Nimeishia hapo."

Mama Kengele aliingia jikoni akajifuta uso kwa kanga. Alikuwa na furaha, na furaha katika nyumba ile ilikuwa mgeni asiyejulikana pa kukalishwa. Kesho yake alimsimulia shoga yake juu ya mngurumo wote wa mashine, na shoga yake akapaza sauti kumjibu, "Mtoto wako ana akili ya kutisha!" Wiki iliyofuata wimbo ulikuwa umeongezeka kidogo, na iliyofuata ukaongezeka tena. Majirani waliitwa wakasikiliza wamesimama mlangoni. Mjomba alikuja akasikiliza amefumba macho, akasema, "Mnaona? Mimi niliwaambia," ingawa alichokuwa amewaambia hakuna aliyekikumbuka.

Miguu ya Kengele iliacha kumbeba katikati ya sifa hizo. Mama yake alijikaza kisabuni. Alimbeba mgongoni kumpeleka bafuni, akamlisha, akamgeuza ubavu, na moyoni alijiambia kwamba ugonjwa utachukua vyote lakini wimbo hautaupata. Hilo lilimtosha. Maneno ya Kengele yalipoanza kuwa mazito, yakiburuzika mwishoni, mama aliona wakati umefika. Akaurekodi wimbo kwenye simu yake, mwanzo hadi mwisho, akaenda kwa Mwalimu bila kumwambia binti. Alitaka kumshtukiza kwa habari njema.

Aliwakuta ukumbini wanapasha sauti. Hakungoja wamalize. Alisimama mbele akaiinua simu juu, akabonyeza, na wimbo ukajaa ukumbini, mwembamba lakini mzuri. Wanakwaya walinyamaza. Mwalimu aliinamisha kichwa, na Mama Kengele alidhani amezidiwa na uzuri wake.

"Mama Kengele," alisema mwishowe, "njoo huku pembeni."

"Pembeni kwa nini? Sema hapahapa wasikie."

Mwalimu alifungua laptopu yake mwenyewe iliyokuwa juu ya kinanda, akatafutatafuta, akabonyeza. Ikaanza sauti moja ya juu, peke yake, ikashuka taratibu, ya pili ikaidaka.

"Umeitoa wapi kazi ya mwanangu?" Mama Kengele alipayuka mpaka madirisha yakasikia. "Nani amekupa? Umemwibia mgonjwa, Mwalimu? Mtoto asiyeweza hata kushika kijiko, unamwibia?"

"Hakuna aliyeiba, mama yangu. Huu ni wimbo wa mfano. Unakuja ndani ya programu. Kila anayeiweka kwenye kompyuta yake anaukuta humo."

Aliyasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kofi. Wanakwaya waliangalia viatu vyao. Mama Kengele aliirudisha simu kwenye pochi, akakosa zipu, akaikosa tena, akatoka na pochi wazi.

Njiani alikuwa na hasira ya kupasua jiwe. Kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtoto wake mwenyewe! Mbele ya shoga yake, mbele ya majirani, mbele ya kwaya nzima! Alipanga maneno ya kumwambia, makali, akayarudia moyoni yasije yakampotea. Alipofungua mlango Kengele alimwona usoni akajua.

"Nionyeshe," alisema mama. "Weka nota moja. Mbele yangu."

Hakuwahi kumwona akifanya. Asubuhi aliondoka, jioni alisikiliza, na katikati hakuuliza. Kengele alikishika kipanya kwa mkono uliopinda. Kishale kwenye kioo kikatetemeka, kikapita nota, kikarudi, kikaipita tena. Akaikamata. Akaiburuta juu kuelekea kwenye mistari, na ilipokaribia mkono ukaruka, nota ikaangukia pembeni, mahali pasipokuwa na mstari wowote. Akaanza upya. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mara hii ilifika, lakini kwenye mstari usio wake, na alipotaka kuisogeza ikafutika. Mama Kengele alisimama akitazama, na yale maneno makali aliyoyapanga yakamwishia kinywani moja baada ya jingine.

"Basi, mwanangu. Acha. Acha, mama."

"Kidole... kimoja... ningeweza," alisema Kengele kwa ulimi mzito. "Ile ya kijivu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unafurahi."

Mama Kengele alikaa sakafuni pale pale kwenye mlango. Alilia, lakini safari hii bila sauti, na majirani hawakujua kama amerudi.

Mjomba aliitwa, akaja mbio, akairudisha ile programu ya kizamani bila kutia neno lake. Lakini kidole cha shahada nacho kilikuwa kimekwisha kukata kauli. Kengele alikiweka juu ya herufi na kikalala hapo kama cha mtu mwingine. Basi mama akavuta kiti, akaweka vidole vyake vilivyobabuka kwa mvuke juu ya kibodi. "Nitajie," alisema. Do, alisema Kengele. Mama akabonyeza, ikakaa. Mi. Ikakaa. Akikosea hesabu ya mapigo programu inakataa kusonga, naye anarudi kujaza, na ikimkubalia anashusha pumzi. Hakuhitaji kujua nota. Angeweza kuifanya kazi hii tangu siku ya kwanza, hata kwenye karatasi, na wote wawili walijua hivyo, wala hakuna aliyelisema.

Aliomba likizo, akanyimwa, akaacha kwenda. Shoga yake alimtetea kwa bosi kwa uongo wa kila namna. Sauti ya kwanza ilikamilika. Wimbo ulikuwa mrefu kweli, maskini, na mtoto hakusitasita mahali popote. Ulikuwa umelala kichwani mwake mzima, kila nota imekaa pake. Sauti ya pili ikaanza, na maneno yakazidi kulemaa. Ilibidi mama asogeze sikio mpaka mdomoni, aulize, arudie, aulize tena. Waliimaliza siku ambayo Kengele alipaliwa na uji mara kadhaa, na mama yake alipompangusa alisema, "Bado mbili tu, mwanangu. Za wanaume." Kengele alifungua mdomo ataje nota ya kwanza ya sauti ya tatu. Kilichotoka hakikuwa do wala re. Alijaribu tena. Alijaribu siku nzima.

Koo lilikuwa limefungwa.

Walijaribu kwa macho. Mama anataja herufi zote, Kengele anakonyeza kwenye ile anayoitaka. Lakini nota ina herufi, ina urefu, ina juu na chini, na kila moja iliwagharimu muda na pumzi, na pumzi ndiyo iliyokuwa ikipungua. Walipata vipande viwili vya mwanzo wa sauti ya tatu. Siku ya pili yake Kengele alibanwa kifua mpaka midomo ikabadilika rangi, na alipotulia akafumba macho na kukataa kuyafumbua mpaka mama alipoifunika laptopu. Hapo ndipo walipoishia.

Mama Kengele alizipeleka kwa Mwalimu karatasi zilizochapishwa, safu mbili zimejaa na mbili nyeupe, isipokuwa vile vipande viwili. Aliomba radhi mbele ya kwaya kwa yale ya siku ile. Mwalimu alizisoma karatasi kimya, midomo ikicheza, akazisoma tena tangu mwanzo.

"Hizi mbili zilizobaki naweza kuzijazia mimi," alisema. "Si kwa ufundi wake, lakini zitaziba."

Alikuja nyumbani kumwuliza mwenyewe. Kengele alimsikiliza hadi mwisho, kisha akafumba macho, akayaacha yamefumbwa. Mwalimu alielewa, akainuka akaaga.

Siku ya kuuimba mjomba alimbeba mpwa wake kwenye kiti cha magurudumu akamweka mbele kabisa ya ukumbi, mama pembeni yake. Kwaya nzima ilisimama, maana Mwalimu alisema wimbo huu ni wa sauti nne na utasimamiwa na watu wa sauti nne. Wanawake kushoto, wanaume kulia. Sauti ya kwanza ilianza peke yake, na haikufanana hata chembe na ile ya kwenye mfano. Ilipanda mahali ambapo mtu angetegemea ishuke. Ya pili ikaingia chini yake. Wanaume waliimba vipande vyao viwili, halafu wakanyamaza, wamesimama wima, karatasi mikononi, wakihesabu mapigo.

Na nyimbo za sauti nne zina tabia hiyo, zina mahali ambapo wanawake wanapumzika na wanaume ndio wanaobeba. Kengele alikuwa ameweka mahali kama hapo katika wimbo wake. Wanawake wakanyamaza. Mwalimu akaendelea kupunga mkono, na ukumbi mzima ukawa kimya, zinasikika feni za juu tu. Watu walitazamana. Nyuma mtu mmoja alianza kupiga makofi akidhani umekwisha, akakanywa.

Mama Kengele alimgeukia binti yake. Kengele alikuwa amegeuza macho upande wa kulia, kwa wanaume, na uso wake wote ulikuwa unafuatilia kitu, kikipanda anapanda nacho, kikishuka anashuka nacho. Mama yake akageuka kutazama upande uleule. Akatega sikio kwa nguvu zake zote, akashika pumzi.

Hakusikia kitu.